Mgonjwa wa Ndoo Tupu

Kuna familia zinazojivunia shamba, nyingine zinajivunia mtoto aliyesoma, nyingine hazina kitu ila jino la dhahabu la babu. Familia aliyoolewa Msusi ilijivunia kipindupindu. Watu watatu wa nyumba ile waliwahi kuugua ugonjwa huo, kila mmoja katika mlipuko wake, na wote watatu walikuwa hai, wanakula vizuri na kugombana vizuri zaidi.

Wa kwanza alikuwa Bibi. Yeye alipatwa enzi ambazo Mama Mkwe bado anatambaa. Sauti ilimkauka akawa ananong'ona kama mtu aliyejificha kabatini, na mwili ukapoa hata majirani wakaanza kuulizana nani ataazima viti. Wa pili alikuwa Mjomba, mwaka wa mafuriko. Wake ulimshika miguu. Misuli ilijisokota kama shuka inayokamuliwa, na vidole vya miguu, kwa maneno yake mwenyewe, viligeuka nyuma vikamtazama. Wa tatu ni Mama Mkwe, dada yake Mjomba, aliyeugua mwaka ambao bomba la sokoni lilipasuka. Alianza kwa kutapika tu, na kwikwi ikamkalia asubuhi hadi jioni kama mgeni asiyejua kuaga.

"Kwikwi si ugonjwa," Mjomba alipenda kumwambia dada yake. "Kwikwi ni kula haraka."

"Na miguu kukaza je? Huo ni uzee tu, ulikuwahi."

"Nyinyi wote mliugua nakala," Bibi angesema, bila kuacha kuchambua mchele wake. "Chenyewe nilikipata mimi."

Msusi alikuwa akiwasikiliza huku anasuka wateja barazani, na wateja waliupenda ubishi ule hata wengine walikuja kusukwa nywele ambazo bado hazijafumuka. Yeye hakuwa na kura. Hakuwahi kuugua. Akijaribu kuchangia, Mjomba alimkata: "Mkwe, wewe suka. Haya ni mambo ya waliofika na kurudi."

Jambo moja tu liliwaunganisha. Kila mmoja, mapema au baadaye, aliendesha maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Hicho ndicho kilikuwa cheti. Mtu asiyekuwa nacho, hata azimie mara ngapi, kwa familia ile alikuwa na tumbo tu kama watu wengine.

Sasa mlipuko mwingine ulikuwa umeingia mjini, na mume wa Msusi alikuwa ndiye sauti yake. Watu walimwita Kengele. Alikuwa mtangazaji wa mitaani, yule anayesimama nyuma ya gari na kipaza sauti kutangaza mbuzi aliyepotea, mechi ya Jumapili na duka linalofunga. Ofisi ya afya ilimkodi atangaze kipindupindu. Walimpa maneno marefu makavu, yeye akayasoma siku ya kwanza, akaona watu wanapiga miayo, siku ya pili akatia yake:

*Tumbo linaendesha? Njoo kambini.*
*Haliendeshi? Tulia nyumbani.*

Ofisi ilicheka, ikamwacha. Kwanza ilikuwa imewasaidia. Kambi ilikuwa kwenye madarasa ya shule ya msingi, na ilikuwa imejaa watu waliokuja kwa sababu ya kiungulia, woga, na maharage. Baada ya kibwagizo kile foleni ilipungua. Watoto waliruka kamba wakikiimba.

Asubuhi moja Kengele alirudi nyumbani jua halijapanda, gari limemshusha barazani kama mzigo. Msusi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja.

"Vipi, leo maneno yamekuishia?"

Kengele akaonyesha koo. Akafungua mdomo, kikatoka kitu kama upepo kwenye tundu la ufunguo.

"Hatimaye," Mjomba akasema kutoka kwenye kiti chake. "Nchi imepata amani."

Walicheka, na Kengele mwenyewe alicheka, ingawa bila sauti. Mtangazaji kukaukiwa sauti kuna ajabu gani? Baadaye kidogo shavu la mguu wake likaruka chini ya ngozi, akaushika mguu na kukunja uso. Mama Mkwe akasema ni kusimama kwenye gari siku nzima. Kengele akatapika mara moja, ghafla, hata hakupata muda wa kuinama. Bibi akasema ni jua na vumbi. Tumbo lake likaanza kujaa, gumu, la mviringo, yeye ambaye alikuwa mwembamba hadi mkanda wake ulikuwa na matundu ya kuongezea. Mjomba akaliangalia kwa heshima.

"Hilo ni tumbo la mwenyekiti. Mwanangu, umepandishwa cheo kimyakimya?"

Kila dalili ilipata sababu yake, na sababu zote zilikuwa za kazi. Hiyo ndiyo shida ya kazi. Ina uwezo wa kumeza ugonjwa mzima bila mtu kuuona.

Msusi alimaliza kichwa cha mteja, akaenda kumkanda mumewe mguu. Vidole vyake vilizoea nywele. Vilijua nywele zipi zimekauka na zipi zina mafuta kabla macho hayajajua. Alipokamata mkono wa Kengele alisimama. Ncha za vidole vya mumewe zilikuwa zimejikunja makunyanzi, nyeupe, kama za mtu aliyeshinda kwenye beseni la nguo. Na Kengele hajawahi kufua hata soksi. Akamfinya ngozi ya mkono. Ikabaki imesimama kama pindo la sketi.

Kisha Kengele akapata kwikwi.

Msusi akamtazama Mama Mkwe. Akamtazama Mjomba. Akamtazama Bibi. Sauti ilikuwa ya Bibi, miguu ya Mjomba, kwikwi ya Mama Mkwe. Mumewe alikuwa amewarithi wote watatu kwa asubuhi moja.

"Ni kipindupindu," akasema.

Baraza likageuka mahakama.

"Ameendesha?" Mjomba akauliza.

"Hajaendesha."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi, mkwe, umeshajibu mwenyewe."

"Mguu anaoshika ni kama wako, Mjomba."

"Mguu naukubali, ni wa kwangu kabisa. Lakini tumbo silikubali. Sisi wa mafuriko tumbo lilizama hadi likagusa mgongo. Huyu lake linatoka nje."

"Na sisi wa bomba tulitapika mchana kutwa," Mama Mkwe akasema. "Si mara moja kama mtu aliyemeza nzi." Lakini hakusema kwa nguvu yake ya kawaida. Alikuwa anauangalia mkono wa mwanawe.

"Mwili wake ukoje?" Bibi akauliza.

"Wa baridi, Bibi."

Bibi akaacha mchele.

Kengele akavuta upindo wa gauni la mkewe, akamnong'oneza kwenye sikio. "Haliendeshi. Nitulie nyumbani." Akajaribu kutabasamu. Kwikwi ikalikata tabasamu. "Nikienda mimi kule bila kuendesha watasemaje? Mji mzima utacheka."

Mganga hajigangi, ndivyo wasemavyo. Huyu alikuwa amezidi. Alikuwa anajizuia kupona kwa kibwagizo chake mwenyewe.

"Wacheke," Msusi akasema. "Nikiwasikia wanacheka nitajua bado upo, unachekwa. Mjomba, kaazime mkokoteni."

"Mkwe—"

"Mjomba, tafadhali."

Hajawahi kumkatiza Mjomba tangu aolewe. Mjomba alisimama na kwenda, na alirudi na mkokoteni akiusukuma kwa mbio ambazo ile miguu yake ya hadithi ilikuwa haijazionyesha kwa miaka.

Langoni pa shule palikuwa na kamba, pipa la maji ya dawa, na muuguzi kijana mwenye mabuti makubwa kuliko yeye. Mbele yao alikuwepo mzee mmoja aliyeshika tumbo. Muuguzi alimuuliza kama anaendesha, mzee akasema hapana, linamkata tu, na muuguzi akamgeuza kwa upole, akamwelekeza zahanati ya kawaida. Haikuwa roho mbaya. Ndani watu walikuwa wamelala hadi kwenye korido. Zamu yao ikafika.

"Anaendesha?"

Msusi alimtazama Kengele kwenye mkokoteni. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, kama mtu anayechungulia kutoka chumba cha nyuma. Akahisi Mama Mkwe amesimama nyuma yake, na hapumui.

"Anaendesha," akasema.

"Mara ngapi?"

"Nimeacha kuhesabu."

Mama Mkwe alifungua mdomo. Akaufunga.

"Msindikizaji mmoja tu," muuguzi akasema, akanyunyizia magurudumu ya mkokoteni. "Wengine mbaki nje ya uzio."

Darasa walilopewa bado lilikuwa na hesabu za sehemu ubaoni. Vitanda vilikuwa vya turubai, kila kimoja na tundu katikati, na chini ya kila tundu ndoo yenye mistari ya kupimia. Muuguzi alimlaza Kengele, akahangaika kuutafuta mshipa, akaupata mkono wa kushoto, akatundika dripu kwenye msumari uliokuwa wa ramani. Akamweleza Msusi kwa haraka namna kazi inavyokwenda. "Ndoo ndiyo inayosema. Tunaangalia kilichotoka, tunarudisha. Ikijaa niite. Yeye mnyweshe hiki kikombe taratibu." Akaondoka kwa sababu kitanda cha pili kilikuwa kinamwita.

Debe tupu haliachi kuvuma, lakini ndoo tupu ya Kengele ilinyamaza kabisa. Kushoto kwao ndoo ya mama mmoja ilikuwa inaongea bila kupumzika. Kulia, ya dereva mmoja wa lori. Dereva alimchungulia Kengele akamwambia kwa sauti ya unyonge, "Wewe ndugu umejaliwa." Msusi akaitikia kwa kichwa, na moyo ukamdunda kama mtu aliyekaa kwenye mtihani na majibu ya jirani.

Dripu ya kwanza ilipokuwa inaelekea kuisha Kengele alifumbua macho kidogo, akamtambua mkewe. Lakini tumbo lilikuwa limezidi kukaza, na kikombe alichonyweshwa alikitema chote. Muuguzi akarudi, akainama, akaitazama ndoo. Uso wake ukafunguka.

"Hajaendesha tangu aingie?"

"Hajaendesha."

"Vizuri sana. Limefunga. Nisaidie kumwinua, tunamhamishia darasa la wanaopona, anywe mwenyewe maji ya chumvi na sukari. Langoni kuna mama ana mtoto, nataka hiki kitanda."

Njia ya mwongo ni fupi, na Msusi alikuwa amefika mwisho wake. Muuguzi hakukosea. Mtu aliyeendesha hadi mkewe akaacha kuhesabu, kisha ndoo ikakauka, huyo anapona. Uongo uliomwingiza Kengele ndani ndio sasa ulikuwa unamtoa. Akisema kweli, watatolewa kwa aibu. Asiposema, mumewe atakwenda kukaa kwenye benchi la wanaopona, na atakufa pale amekaa, kila mtu akimpongeza. Na mtoto langoni alikuwa mtoto wa kweli. Kilio chake kilisikika hadi ndani, chembamba, kisicho na machozi.

Muuguzi alikuwa ameshashika kwapa la Kengele.

"Hajawahi kuendesha," Msusi akasema.

"Umeshaniambia."

"Hapana. Hajawahi tangu asubuhi. Hata nyumbani. Nilikudanganya pale langoni."

Muuguzi akaliachia kwapa. Alikuwa amechoka, na uchovu una njia yake ya kugeuka hasira. "Unajua leo nimewarudisha watu wangapi? Wamesema kweli, wamerudi. Wewe umedanganya, umepata kitanda."

"Najua. Nitukane baadaye, nitakaa unitukane. Kwanza mshike tumbo."

Maneno yao yalimfikia tabibu. Alikuwa mama mrefu wa makamo, miwani imefungwa uzi shingoni, mtu anayetembea kana kwamba sakafu ni ya kuazima. Alimsikiliza muuguzi. Akamsikiliza Msusi. Kisha akaweka kiganja juu ya tumbo la Kengele, akalisukuma kidogo kwa upande, na wote watatu wakalisikia. Mlio ulikuwa wa mtungi uliojaa, unaobebwa na mtu mwenye haraka.

"Sauti ilikauka lini?" tabibu akauliza.

"Asubuhi. Kisha miguu. Kisha kwikwi. Alitapika mara moja tu."

"Na tumbo likaanza kujaa."

"Ndiyo."

Tabibu akafinya ngozi, akaitazama isirudi. "Nimefanya kazi kwenye milipuko mitatu kabla ya huu," akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea. "Mmoja watoto walikuwa wanaletwa na degedege, tukidhani malaria, kumbe sukari imewaishia mwilini. Mwingine watu wazima walikuwa wanakuja na miguu, wanalia miguu, tumbo hata hawalitaji. Na huu wa kavu niliuona mara mbili. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu. Ndoo yake ilikuwa tupu, nikamruhusu arudi nyumbani." Akakitoa kiganja tumboni. "Maji yametoka kwenye damu kama ya wengine wote, dada. Yameingia kwenye utumbo, na utumbo umelala, hautoi. Ndoo yake iko ndani."

Akamgeukia muuguzi. "Mshipa wa pili, mkono wa kulia. Fungua yote miwili ikimbie. Na niletee ile dawa ya kuamsha utumbo, tuichanganye taratibu."

"Na mtoto?"

"Mtoto mlete. Unganisha madawati mawili, mama yake atamshikilia. Dripu yake tundika dirishani."

Msusi alikuwa wa kwanza kuyavuta madawati.

Tabibu alipokuwa anautafuta mshipa wa pili aliuangalia vizuri uso wa mgonjwa. "Huyu si yule wa gari la matangazo?"

"Ndiye."

"Wa *tulia nyumbani*?"

"Ndiye huyo."

Tabibu alifungua dripu hadi matone yakawa uzi.

Kisha ikawa kazi ya kungoja. Kupitia dirishani Msusi aliwaona wakwe zake kwenye uzio, wamejipanga kama kuku wanaosubiri mvua ipite. Tabibu alipotoka kuosha mikono Mjomba alimdaka kwa maswali, na Msusi akasikia ubishi wa nyumbani umehamia kambini: vidole vya miguu, kwikwi, sauti, na nani aliugua chenyewe.

"Wote mliugua chenyewe," tabibu akawaambia. "Ugonjwa ni uleule, unachofanya ni kukausha tu. Inategemea umeanza kukukausha wapi."

"Kwa hiyo wa dada yangu nao unahesabika?" Mjomba akauliza.

"Unahesabika."

Mama Mkwe, ambaye siku nyingine angeufanyia sherehe ushindi ule, aliuliza tu, "Na wa mwanangu?"

"Wa mwanao bado haujaamua, mama. Akianza kuendesha mtanisikia nafurahi."

Jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili, na mtoto wa kwenye madawati alikuwa amepata machozi ya kulilia, kwikwi ya Kengele ilipokoma. Msusi aliogopa zaidi, maana kimya nacho kina aina zake. Akaweka sikio tumboni kwa mumewe. Mwanzoni hakusikia kitu. Kisha, mbali sana, kitu kilikoroma kama mtu aliyeamshwa kwenye usingizi wa mchana bila hiari yake. Kikajigeuza. Kikakoroma tena, karibu zaidi.

Na ndoo ikaongea.

Wanawake wengi wamewahi kusifiwa na waume zao, wengine wameletewa maua na vitambaa. Msusi hakuwahi kupewa kitu kilichomliza namna ile. Alicheka na kulia kwa pamoja, na dereva wa lori, ambaye sasa alikuwa anaweza kukaa, akasema, "Hongera, ndugu. Karibu chamani." Kengele akatazama dari kwa aibu. Ndoo ilijaa kwa kasi ya kutisha, ikamwagwa, ikajaa. Muuguzi alikuja kila mara, akapima, akabadilisha chupa. Mara ya tatu au ya nne alibaki amechuchumaa pale, kaishikilia ndoo.

"Siku nyingine sema ukweli."

"Ningesema ukweli ungetuingiza?"

Muuguzi alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu, ilionekana. "Hapana," akasema. Akaenda kumwaga.

Asubuhi Kengele alikuwa na macho yake mahali pake. Aliomba maji, kisha akaomba kitu kingine, na Msusi akamletea chombo, akamshika mgongo, akangoja naye. Tabibu alikuwa amesema hiyo ndiyo alama atakayoiamini. Figo zikipata maji ya kutosha kutoa ziada, mtu amerudi. Kilichotoka kilikuwa kidogo, cha rangi ya chai, na Msusi alikibeba kumwonyesha tabibu kwa mikono miwili, kwa uangalifu wa mtu aliyebeba taa.

Mama Mkwe alikuwa amekaa kwenye uzio, mgongo kwenye nguzo. Mjomba na Bibi walikuwa wamelala ndani ya mkokoteni, miguu ya mmoja kichwani kwa mwingine. Mama Mkwe alipomwona Msusi anakuja alisimama kwa tabu, na hakuuliza, kwa sababu kuna maswali ambayo mzazi hawezi kuyaanza.

"Amekojoa, mama."

"Mengi?"

"Kidogo."

"Hata kidogo ni kukojoa," Mama Mkwe akasema. Kisha akaketi mchangani alipokuwa, akajifunika uso, mabega yakimtikisika bila sauti.

Msusi alitaka kumshika. Lakini mikono ilikuwa imetoka ndani, na sheria ya kambi ni sheria. Akaichovya kwenye pipa la maji ya dawa hadi viwiko, akaitoa, akaisimamisha mbali na mwili wake ikidondoka, akingoja ikauke. Ilipokauka akachuchumaa, akapitisha vidole kwenye tundu la uzio.